Mistari ya Rangi Ndani ya Sabuni: Kazi Iko Kwenye Rojo

Wengi wanaojifunza kutengeneza sabuni ya mapambo nyumbani huhangaika na namna ya kuzungusha mwiko. Mkono una kazi ndogo sana hapo. Rojo, yaani mchanganyiko wa mafuta na maji ya kostiki, likiwa jepesi, hata mzungusho wa ovyo huacha mistari ya kupendeza. Likishakuwa zito, hakuna ufundi utakaoliokoa. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye rojo, kwa njia ya baridi, yaani ile isiyopikwa jikoni.

Kwa kilo 1 ya mafuta napendekeza zeituni gramu 450, nazi 250, mawese 250 na nyonyo 50. Kostiki soda, ile alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, gramu 141, maji gramu 282. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki: gramu 1 ya nazi huhitaji karibu gramu 0.183, ya zeituni karibu 0.135. Ukijumlisha yote unapata kama gramu 148. Tumepunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isikaushe ngozi. Ukibadilisha mafuta hata ya aina moja, piga hesabu upya. Pima kila kitu kwa mizani ya dijitali, maji nayo, maana vikombe na vijiko havina uhakika kwa kazi hii. Zeituni imepewa nafasi kubwa kwa makusudi: hushika polepole, yaani rojo lake huchelewa kuwa zito, na kukupa muda wa kucheza na rangi. Siagi ya shea na ya kakao zinapendeza kwenye ngozi, lakini zikizidi, rojo huwa zito kabla hujamaliza.

Vaa miwani ya kinga, glavu na mikono mirefu, fungua madirisha, watoto wawe mbali. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwani yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia. Maji yatapanda joto hadi nyuzi 80 na zaidi, pia yatatoa mvuke unaokaba koo. Sufuria ya alumini haifai kabisa: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu inayovumilia joto. Kostiki ikikudondokea, suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Siki usiipake kwenye ngozi.

Subiri mafuta yaliyoyeyushwa na maji ya kostiki vyote vishuke hadi nyuzi 35 hadi 40. Muda huo tayarisha rangi: kijiko 1 cha chai cha unga wa maika (rangi ya unga yenye kung'aa) kwa kila gramu 450 hivi za mafuta yatakayopakwa rangi hiyo, ukikorogea kwenye kijiko 1 cha chakula cha mafuta mepesi hadi mabonge yaishe. Rangi za chakula achana nazo. Nyingi hugeuka au kufifia kwenye kostiki. Ua la rozela, pamoja na wekundu wake wote, huishia kuwa kahawia. Hata maika nyingine hubadilika, hasa za zambarau, hivyo jaribu kwanza kwenye kiasi kidogo.

Sasa mimina maji ya kostiki kwenye mafuta. Zamisha blenda ya mkono ikiwa imelazwa kidogo ili hewa itoke chini ya kichwa chake, iwashe sekunde 5, izime, koroga nayo ikiwa imezimwa, kisha rudia. Chota kidogo kwa mwiko wa silikoni utazame mgongo wa mwiko: ukiona michirizi ya mafuta inayong'aa, bado. Michirizi ikitoweka, rojo likawa na rangi moja na kutiririka kama uji mwepesi wa mgonjwa, simama hapo hapo. Watu hushindwa kuacha blenda kwa kuwa rojo linaonekana bado majimaji. Kuanzia hapo litaendelea kushika lenyewe.

Gawa: nusu ibaki kwenye chombo kikuu, nyingine igawe kwenye jagi mbili au tatu, na rangi ukoroge kwa mkono. Manukato gramu 30 yatie mwishoni kabisa, kwenye kila sehemu kwa uwiano wake. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Manukato yenye karafuu au mdalasini hugandisha rojo ndani ya sekunde chache. Yenye vanila hugeuza sabuni kahawia siku zinavyokwenda, hata rangi ya kijani uliyoihangaikia. Rojo likianza kutoa punje punje, piga blenda kidogo na usahau mistari: sabuni itafaa kuogea, ila itakuwa ya rangi zilizochanganyika.

Mimina kila rangi sehemu tatu za chombo kikuu, ukiinua jagi juu ili izame hadi chini na isielee tu. Pitisha mwiko mzunguko mmoja, usiongeze wa pili, kisha mimina yote kwenye kalibu ya sentimita 25 kwa 8. Kina kitafika kama sentimita 7. Maua makavu yaliyowekwa juu mengi huwa kahawia. Petali za kalendula ndizo hubaki na njano yake.

Kisha chagua: funika kwa taulo ipate joto, rangi zikolee, au itie kwenye friji usiku mzima. Ukiiacha katikati ya hali hizo, sehemu ya ndani hupata joto na ya nje haipati, nawe utakuta duara jeusi zaidi katikati ya kila kipande.

Kata baada ya saa 24 hadi 48, sabuni ikiwa imetolewa kwenye kalibu na kulazwa ubavu ili maua ya juu yasiburutwe na kisu kuchana uso. Vipande vikitoa mabonge meupe na kumomonyoka, kostiki haikuyeyuka au ilizidi, usivitumie kuogea. Vilivyo vizima vipange kwenye rafu yenye hewa wiki 4 hadi 6. Ukungu mweupe ukitokea juu ni magadi tu yaliyotokana na kostiki kukutana na hewa, na mvuke wa birika huuondoa.