Bibi hakuja kushika mikoba

Familia ikipanga kuwapeleka watoto kwenye bustani kubwa ya burudani, kazi ya bibi au babu huwa imeshapangwa kabla hajaulizwa: atakaa kwenye benchi na kulinda mikoba. Mimi nimekuwa mtu wa benchi mara mbili. Mara ya tatu nilikataa. Tangu siku hiyo nimegundua kwamba mengi tunayoambiwa kuhusu umri wetu na sehemu zile si kweli, na yaliyo kweli hatuambiwi.

"Bustani hizi ni za watoto"

Walt Disney alikuwa akisimulia kwamba wazo la Disneyland, iliyofunguliwa California mwaka 1955, lilimjia akiwa kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Alitaka mahali ambapo mzazi na mtoto wangefurahi pamoja. Tivoli ya Copenhagen, ambayo ipo tangu 1843, ina maua na muziki pamoja na mashine zake za kupanda na kuzungushwa. Efteling ya Uholanzi ilifunguliwa mwaka 1952 na msitu wa hadithi: mnatembea chini ya miti, mnakutana na hadithi moja baada ya nyingine. Mahali kama hapo mtoto humtafuta mwenye kujua hadithi, na mara nyingi huyo ni bibi yake.

"Mzee asipande chochote", na mwenzake, "Mzee mwenye nguvu apande chochote"

Semi zote mbili zinakosea, kwa sababu zinahesabu miaka au nguvu peke yake. Baadhi ya bustani za Japani huweka ukomo wa umri kwenye mashine kali, lakini kwingi ubao wa mlangoni hutaja mwili: moyo, presha, shingo, mgongo, upasuaji wa karibuni. Usome ule ubao kabla ya kuingia kwenye foleni. Ukiusoma mbele ya geti mjukuu akiwa amekushika mkono, utajikuta umepanda kwa kuona haya kurudi nyuma.

Madaktari wa Mannheim, Ujerumani, waliwahi kuwavisha watu wazima wenye afya njema vipimo vya moyo na kuwapandisha rola kosta, yaani kigari cha reli kinachopanda juu na kuporomoka kwa kasi, yenye kimo cha mita 62. Mapigo ya moyo yalipanda kutoka wastani wa 91 hadi 153 kwa dakika. Moyo wenye afya hustahimili hayo. Kwa wenye mishipa iliyoziba au presha isiyotulia, huo ni mzigo wa kumuuliza daktari kwanza.

Jambo ambalo sikuwahi kulisikia mpaka daktari wangu aliponieleza ni la dawa za kuzuia damu kuganda. Umri ukisogea, ubongo husinyaa kidogo, na vile vimishipa vinavyouunganisha na utando wake huvutika. Mtikiso mkali unaweza kukichana kimoja, na kwa anayetumia dawa hizo damu haikatiki upesi. Visa vya namna hii baada ya rola kosta vimeandikwa na madaktari, na wakati mwingine maumivu ya kichwa huanza siku kadhaa au hata wiki baadaye. Kwa hiyo kichwa kikiuma baada ya safari, usiseme ni uchovu. Nenda hospitali, na utaje ulichopanda. Wenye mifupa iliyopungua uzito nao waogope mashine zinazodundisha, maana uti wa mgongo unaweza kupata ufa. Mwenye kifaa cha moyo au pampu ya insulini aulize mapema kuhusu mashine zinazosukumwa kwa sumaku.

Hata hivyo, yanayobaki ni mengi: gurudumu kubwa linalopanda polepole, mashua, treni ndogo. Kwenye farasi wa kuzunguka, walio pembezoni huenda kasi kuliko walio karibu na katikati, kwa hiyo chagua wa ndani. Mara nyingi kuna pia kiti cha kawaida, huna haja ya kurusha mguu.

"Kinachochosha ni kutembea"

Kutembea kunachosha, lakini kilichoniangusha mimi ni kusimama. Tulikuwa kwenye foleni jua la saa saba, tumetoka kula. Nilikuwa nimeegemea chuma cha kutenganisha watu, na sauti zikaanza kusikika kwa mbali kana kwamba niko ndani ya mtungi. Mjukuu wangu wa miaka saba akaniambia, "Bibi, mbona mkono wako umelowa?" Nikakaa chini palepale, sakafuni, katikati ya miguu ya watu. Ndiko kulikoniokoa.

Ukisimama tuli, damu hutuama miguuni. Dawa nyingi za presha huongeza hali hiyo, na kwa wazee presha hushuka zaidi baada ya mlo. Sasa nikiwa kwenye foleni nanyanyua visigino, nakanyaga papo hapo, na mashine yenye foleni ndefu naiendea asubuhi, mara tu bustani inapofunguliwa, kabla watu hawajajaa.

"Sina kiu, kwa hiyo maji yananitosha"

Hisia ya kiu hufifia uzeeni, wakati mwili tayari umepungukiwa. Kunywa kwa saa, si kwa kiu. Ambaye daktari amempimia maji kwa ajili ya moyo au figo afuate kipimo chake.

"Kiti cha magurudumu ni cha wasioweza kutembea"

Ni cha yeyote anayetaka nguvu zimfikishe jioni. Bustani kubwa nyingi hukodisha, na siku moja pale inaweza kufika kilomita kumi. Nilikikataa mwaka mzima kwa aibu, na aibu hiyo iliwanyima wajukuu wangu jioni mbili, kwa sababu ilibidi turudi mapema kwa ajili yangu.

"Mdogo akizuiwa kupanda, bibi ndiye wa kubaki naye"

Kimo hupimwa kwa sababu chuma cha kumshikilia mpandaji hakimkai mwili mdogo, kwa hiyo usimwombee mtoto apitishwe. Lakini bustani nyingi zina utaratibu wa kubadilishana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanapokezana bila kupanga foleni upya. Mwulize mhudumu wa mlangoni kabla hamjagawana. Mara ya mwisho mwanangu alibaki na mtoto na ile mikoba, mimi nikapanda mashua na wakubwa. Nilirudi nimelowa mpaka magotini.