Wajenzi wa viwanja vya gofu na chama chao: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Msanifu ndiye aliyejenga uwanja.
Jina lake ndilo linalobaki, basi watu hudhani hivyo. Lakini kuchora ramani ni kazi moja, na kuchimba ni nyingine. Nchini Marekani wachimbaji hao, yaani wajenzi, wana chama chao, GCBAA (Golf Course Builders Association of America), chenye makao yake Lincoln, Nebraska.

Dhana: Bila uwanja hakuna mchezo, kwa hiyo wajenzi ndio waliotangulia kuungana.
Kinyume kabisa. Watunza nyasi waliungana Septemba 1926 mjini Toledo, Ohio. Wasanifu wakafuata mwaka 1947 huko Pinehurst, North Carolina, wakampa msanifu mashuhuri Donald Ross urais wa heshima. Wajenzi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mimi sishangai: mtunza nyasi yuko palepale kila asubuhi, ilhali mjenzi akimaliza anapakia katapila lake na kuhamia jimbo jingine. Watakutana lini?

Dhana: Ni kusawazisha ardhi na kupanda nyasi tu.
Hebu ifukue grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, iliyojengwa kwa utaratibu ambao USGA, shirikisho la gofu la Marekani, ilianza kuupendekeza mwaka 1960. Chini kabisa kuna mitaro yenye mabomba. Juu yake changarawe, sentimita 10 hivi. Kisha mchanga maalumu, sentimita 30. Ujanja uko pale mchanga unapokutana na changarawe: maji hayateremki mpaka mchanga ushibe. Siku za jua mizizi inakunywa. Mvua kubwa ikinyesha, ziada inakimbilia kwenye mabomba. Sasa fundi akikosea ukubwa wa chembe, mchanga unazama kwenye changarawe na kuziba njia. Dawa yake ni kufumua grini nzima, na hapo ndipo mwenye uwanja anapokumbuka kwamba kulikuwa na mjenzi.

Dhana: Chama cha wajenzi hutunga sheria za gofu.
Hapana. Hizo ni za USGA na R&A, shirika la gofu la St Andrews, Scotland.

Dhana: Kila mwanachama ni mjenzi aliyethibitishwa.
Uanachama na cheti ni vitu viwili. Kampuni inayotaka cheti huomba, na kazi zake hupimwa. Tena baadhi ya wanachama hawajengi chochote: wanauza mabomba ya umwagiliaji, mbegu na mashine.