Hakuna dishi la HD: dhana potofu kuhusu picha safi Lamu na Malindi

"Ukitaka HD, nunua dishi la HD"

Dishi ni sahani ya bati. Linakusanya mawimbi na kuyaelekeza kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele yake, na halijui mawimbi hayo yamebeba picha ya aina gani. Dishi la sentimita 80 au 90 lililokuletea picha ya kawaida litakuletea na HD, yaani picha safi zaidi, mradi halijapinda wala kuliwa na kutu. Kinachobadilika ni king'amuzi, ambacho lazima kiwe cha HD, na televisheni, ambayo lazima iwe na tundu la HDMI. Hela ya dishi jipya ibaki mfukoni.

"Dishi lazima liwe juu kabisa, lipite nyumba zote"

Dhana hii imetokana na antena za zamani, zilizolazimika kuona mnara. Setilaiti haiko upande wa mnara. DStv, kwa mfano, hurushwa Kenya kutoka setilaiti iliyo digrii 36 mashariki, juu ya ikweta. Malindi iko karibu digrii 40 mashariki na 3 kusini, na Lamu haiko mbali na hapo. Kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini: zaidi ya digrii 80 kutoka upeo wa macho, imeinamia kidogo tu kaskazini-magharibi. Usidanganywe na uso wa dishi unaoonekana kutazama chini zaidi ya hapo. LNB ya madishi ya kawaida hukaa pembeni, si katikati, ndiyo maana mawimbi huingia kutoka juu kuliko uso unavyoelekea.

Faida yake ni kubwa kwa mji kama Lamu. Gorofa ya jirani iliyobanana na yako haikuzuilii kitu, alimradi juu ya dishi pana uwazi. Ndani ya kiwanda cha nyumba ya mawe, yaani ua wake wa katikati ulio wazi juu, kama ni kipana, dishi linapata mawimbi vizuri. Tena huko limekingwa na upepo, na halichafui sura ya mji uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Tunapenda zaidi lifungwe huko kuliko kwenye mlingoti juu ya dari, ambako kusi ikivuma mlingoti unayumba na dishi linahama. Likihama digrii moja au mbili tu, picha imekwenda.

Cha kuogopa ni kilicho juu ya dishi moja kwa moja. Shina la mnazi lililo mita chache pembeni halina neno. Makuti yake yakining'inia juu ya dishi, picha itaganda kila upepo unapoyapitisha. Picha ikikatika wakati wa upepo tu, kagua makuti na boliti kabla ya kugusa kitu kingine.

"Nimeweka king'amuzi cha HD, basi naona HD"

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha bila kujua. King'amuzi kipya huunganishwa kwa zile nyaya tatu za zamani, nyekundu, nyeupe na manjano, kwa sababu zilikuwapo tayari. Waya wa manjano haupitishi HD. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576. HD kamili ina 1920 kwa 1080, mara tano ya hizo. Nyaya hizo zinakurudisha kwenye picha uliyoikimbia, ilhali unalipia nyingine.

Chomeka waya wa HDMI, chagua HDMI kwa rimoti ya televisheni, kisha ingia kwenye menyu ya king'amuzi uweke picha iwe 1080i au 720p, na umbo liwe 16:9. Watu wakionekana wanene kupita kiasi, umbo ndilo lililokosewa. Kuhusu waya wa HDMI wa bei ghali: kwa urefu wa mita moja au mbili, wa kawaida uliokaza vizuri unatoa picha ileile.

"Nguvu ya mawimbi ni 90, kwa hiyo dishi liko sawa"

Menyu huonyesha vipimo viwili, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kuwa juu hata dishi likitazama setilaiti isiyo yenu. Fundi arekebishe kwa kutazama ubora: asogeze dishi kidogo kidogo, asubiri sekunde chache kila mara, kisha aizungushe LNB ndani ya kishikio chake mpaka ubora ufike kilele. Ndipo akaze boliti, kwa zamu.

Ubora wa wastani huonekana unatosha siku ya jua. Masika ikija, mvua kubwa hunyonya mawimbi, na chaneli za HD mara nyingi ndizo hutangulia kukatika. Hakuna chenga kama za analogi. Picha huvunjika vipande, ikaganda, ikapotea.

"Chaneli zikipotea, LNB imekufa"

Mara nyingi ni chumvi. Hewa ya bahari huingia kwenye konekta na shaba ikageuka kijani. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwa LNB kupitia waya huohuo, kila moja kwa kundi lake la chaneli. Volti 18 zikipungua njiani, nusu ya chaneli hupotea na nusu zikabaki. Kata sentimita chache za mwisho wa waya, funga konekta mpya, hakikisha hata uzi mmoja wa wavu wa nje haugusi shaba ya katikati, kisha zungushia tepu ya mpira isiyopitisha maji. Waya uachiwe upinde unaoning'inia kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje.

"Chaneli zote zitakuwa HD"

Ni zile tu zinazorushwa kwa HD na zilizomo kwenye kifurushi ulicholipia. Uliza orodha kabla ya kulipa.