Matunzo ya mzee katika hospitali ya akili yenye ulinzi: maana yake

Hospitali ya akili yenye ulinzi ni mahali anapopelekwa, mara nyingi kwa amri ya mahakama, mtu aliyetenda kosa kubwa akiwa mgonjwa wa akili, ili atibiwe bila kuhatarisha wengine. Uingereza ina ngazi tatu za ulinzi huo, na Broadmoor, ya ngazi ya juu, ilifunguliwa mwaka 1863. Ubelgiji, iliyotuachia sisi Wakongo Kanuni yetu ya Adhabu, ilifungua ya mji wa Gent mwaka 2014. Hapa Lubumbashi neno hilo ni geni, kwa kuwa tumezoea kutaja gereza la Kasapa upande mmoja na kituo cha wagonjwa wa akili cha Joseph Guislain upande wa pili, kana kwamba mtu ni ama mfungwa ama mgonjwa, wala hawezi kuwa vyote viwili.

Humo ndani mtu huhesabiwa mzee mapema, pengine tangu miaka 50 au 55, kwa sababu ugonjwa wa muda mrefu, tumbaku na maisha ya kufungiwa huuchakaza mwili. Dawa nazo huchangia: nyingi huongeza uzito na sukari katika damu, na baadhi hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hata hivyo kanuni na shughuli za wodi hizi zilipangwa kwa kumfikiria kijana mwenye nguvu. Mzee asiyesikia vizuri huitwa mara tatu asiitike, kisha huandikwa kuwa mkaidi. Hiyo ni dhuluma, kwa kuwa maandishi hayo ndiyo yatakayosomwa siku ya kuamua kama ataachiliwa.

Zito zaidi ni kupotewa na kumbukumbu. Ili mgonjwa atoke, madaktari hutaka aonyeshe kwamba anaelewa alichotenda na kilichomsukuma, nao ubongo unaochakaa hufuta hayo hayo. Lakini isidhaniwe kwamba uzee peke yake huondoa hatari, kwani ugonjwa huo wa kumbukumbu unaweza kumfanya mtu mpole ampige anayemwogesha. Hatari yake ipimwe upya kwa hali ya leo, si kwa faili la zamani.

Kisha kuna kutoka kwenyewe. Kwetu mzee hutunzwa na watoto wake, ila huyu mara nyingi hana wa kumrudia: ndugu wametawanyika, na pengine aliyeumizwa alikuwa wa nyumba hiyohiyo. Huko Ulaya nyumba za wazee husita kumpokea kwa sababu ya kosa lake, akabaki nyuma ya kufuli ambalo hali yake haihitaji tena.