"Si analala amesimama?" Dhana inayowanyima farasi na punda usingizi

Kauli ni ile ile, iwe imetoka kwa mwenye farasi wa mashindano au kwa mwenye punda wa kubeba maji: "Huyu hana haja ya nafasi, daktari. Si analala amesimama?" Basi mnyama anafungwa kamba ya urefu wa mkono kwenye shina la mwembe, au anakesha juu ya saruji tupu, na mwenyewe anaingia ndani kulala akiamini hajamnyima kitu chochote.

Tuanze na lililo kweli. Farasi anaweza kusinzia akiwa wima, hata kulala usingizi wa kawaida. Miguu yake imepangwa kwa kano ambazo hufunga viungo bila misuli kufanya kazi kubwa. Mtazame kwa nyuma anapopumzika. Kwenye mguu wa nyuma uliobeba uzito, kilegesambwa (kifuniko cha goti) kimepanda na kano yake ya upande wa ndani imenasa kwenye kigongo cha mfupa wa paja, kwa hiyo goti limejifunga. Kiungo cha kisigino, kile kinachochomoza nyuma katikati ya mguu, kimeungana na goti kwa kano, nacho hakiwezi kukunjika chenyewe. Mguu wa pili umelegea, ncha ya kwato inagusa tu chini na nyonga ya upande huo imeshuka. Baada ya dakika chache anabadilisha. Miguu ya mbele yote miwili hubaki imebeba, maana huko ndiko kunakoelemea kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Punda ameumbwa hivyo hivyo.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo mnyama anapoumia. Kufunga viungo bado kunahitaji misuli kidogo, hasa ya shingo na mabega. Usingizi wa ndoto hulegeza misuli ya mwili mzima, kwa hiyo haupatikani kwa kusimama. Ni lazima mnyama alale chini, ama kwa kifua huku mdomo umeegemea ardhi, ama kwa ubavu kabisa na shingo imenyooshwa. Farasi mzima hulala jumla ya saa 3 hadi 5 tu katika saa 24, tena vipande vipande, na usingizi wa ndoto ndani yake ni kama dakika 30 hadi 60. Ni muda mdogo sana, na ndiyo maana inasikitisha kuona mnyama anaukosa kwa sababu ya kamba.

Siku za kwanza hutaona kitu. Siku kadhaa zikipita, au wiki, dalili huanza. Amesimama kivulini mchana, kichwa kinashuka polepole mpaka mdomo unakaribia udongo, magoti ya mbele yanatetemeka, ghafla yanakunjika. Anazinduka kabla hajafika chini, anajiinua kwa kishindo, anatazama huku na huku kama aliyeshtuliwa. Mara nyingine hawahi, anapiga magoti kabisa. Ndugu zangu, hicho mara nyingi si kifafa wala si jini. Inama uangalie sehemu ya mbele ya vifundo vilivyo juu kidogo ya kwato za mbele, na mbele ya magoti. Ukikuta manyoya yamechunika, vidonda au makovu pande zote mbili, na hajapata kuanguka kazini, ulizia usingizi wake kabla hujaulizia kitu kingine.

Mahali pa kulala ndipo pa kuanzia, kwa sababu ndipo penye makosa mengi. Ng'ombe huinuka makalio kwanza. Farasi na punda hunyoosha miguu ya mbele, hurusha kichwa na shingo, kisha hujisukuma kwa miguu ya nyuma. Asipokuwa na nafasi mbele yake, au kwato zikiteleza, kuinuka ni hatari, na mnyama anayejua hataweza kuinuka hakubali kulala. Banda la farasi wa kawaida liwe angalau mita 3.6 kwa 3.6. Juu ya saruji tandika maranda makavu yasiyo na vumbi, sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kanyaga kwa kisigino chako kwa nguvu. Ukigusa saruji, ongeza. Ondoa yaliyolowa kila siku, kwa kuwa sakafu yenye mkojo huteleza na harufu yake kali huumiza mapafu ya aliyelaza pua chini.

Kwa punda, mchanga mkavu au udongo usio na mawe unatosha, ila awe na paa. Manyoya yake hayakingi mvua kama ya farasi, na katika matope atasimama mpaka asubuhi. Mvue shogi (tandiko la kubebea mizigo) na hatamu za mkokoteni kila anapomaliza kazi, hata kama mtaondoka tena baada ya saa moja. Na kamba, tafadhali. Iliyofungwa juu na fupi inamzuia hata kufikisha mdomo chini. Ukiirefusha, inamnasa miguu. Kumfunga miguu ya mbele pamoja kunamnyima ile hatua ya kwanza ya kuinuka. Jenga boma, hata la miiba, umwachie ndani. Lamu punda wengi huachiwa huru kazi ikiisha, na ukipita vichochoroni usiku utawakuta wamejilaza wenyewe pakavu. Hakuna aliyewafundisha.

Halafu kuna hofu. Hawa ni wanyama wa kuwindwa. Wakiwa kundini, kwa kawaida mmoja hubaki wima wengine wakilala. Farasi mgeni aliyewekwa peke yake anaweza kupitisha siku kadhaa bila kulala chini, na anayeonewa na mwenzake hivyo hivyo. Kwa punda nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: fuga wawili. Punda hushikamana na mwenzake, na ukimtenganisha naye unampokonya mlinzi wake wa usiku.

La mwisho ni maumivu, hasa kwa wenye umri mkubwa. Viungo vyenye baridi yabisi haviumi sana akisimama. Vinauma anapokunja miguu kushuka na anapojisukuma kupanda. Daktari wa mifugo anaweza kumpa dawa ya maumivu kwa siku chache za majaribio. Akianza kulala chini, chanzo kimejulikana. Usimpe vidonge vya duka la dawa vya binadamu kwa kukadiria.

Kujua kama analala si kazi ngumu. Jioni msugue mwili wote na usawazishe matandiko. Alfajiri tafuta maranda kwenye singa na mkia, au doa la samadi ubavuni na kwenye nyonga. Usipoona chochote usiku tatu mfululizo, tegesha simu yenye kamera. Wengi hulala chini kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, na kumchungulia saa mbili usiku ukaridhika kwamba "amesimama tu, ndivyo alivyo" hakukupi jibu.

Kauli nyingine ninazozisikia kwa wenye wanyama nitazipitia haraka.

"Nimemkuta amelala ubavu anaguna na kurusha miguu, tumbo linamsokota." Huenda anaota. Mwenye msokoto wa tumbo hulala na kuinuka mara kwa mara, huparua ardhi, hugeuka kutazama ubavu wake, hujigaragaza, hutoka jasho na samadi hupungua. Mwite taratibu. Aliyekuwa amelala atainuka, atajikung'uta vumbi na kuanza kula. Mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60 naye anajigaragaza, mpigie daktari papo hapo. Na mtoto wa farasi wa wiki chache hulala karibu nusu ya siku. Mwacheni alale.

"Anainua mguu mmoja, ana maumivu." Mguu wa nyuma, ikiwa anaubadilisha na mwenzake, ni mapumziko. Akikataa kubadilisha, mchunguze. Mguu wa mbele uliotangulizwa mbele haupumzishwi hivyo bila sababu: shika kwato uone kama ina joto, tafuta msumari au jipu. Akirudisha uzito nyuma na kubadilisha miguu ya mbele kila mara, hofia ugonjwa wa ndani ya kwato na usimtembeze.

"Hajainuka tangu asubuhi, muache, amechoka." Hapana! Farasi mwenye kilo 450 akilala muda mrefu, uzito wake mwenyewe hubana pafu la chini, misuli na neva. Kulala ubavu kwa kawaida hakuzidi nusu saa kwa mkupuo. Akiwa amekwama miguu ikielekea ukutani, usimvute kwa mkia wala kusimama upande wa kwato. Tafuta watu na kamba, mgeuzeni kutoka upande wa mgongo.

"Punda huyu ni mvivu, kajilaza tu." Punda huficha maumivu kuliko farasi. Mara nyingi hajigaragazi, hapigi kelele. Hunyamaza tu na kuacha kula. Mpe maji na majani anayoyapenda. Akikataa kula, usingoje kesho. Punda aliyekaa bila kula hutoa mafuta mwilini kwenda kwenye damu, hasa akiwa mnene, ana mimba au ananyonyesha, na ini lake huharibika ndani ya siku chache. Daktari aitwe siku hiyo hiyo, na umwambie saa aliyokula mara ya mwisho.