Servisi ya Gari: Usihesabu Kilomita Pekee

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye magari ni hili: nimwage oili kila baada ya kilomita ngapi? Wengi wanataka namba moja tu. Mimi huuliza kwanza gari lenyewe linatumikaje.

Chukua magari mawili yanayofanana kwa kila kitu. La kwanza hupita barabara kuu kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa. La pili hushinda kwenye foleni, wastani wake kilomita 20 kwa saa. Yote yakitimiza kilomita 5,000, injini ya kwanza imefanya kazi saa 62 na ushee, ya pili saa 250. Dashibodi zinasoma sawasawa, ila oili ya gari la pili imekaa motoni mara nne ya muda wa mwenzake. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari huwa na ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Vumbi, foleni, joto kali, kuvuta tela na safari fupi fupi vyote vinahesabika kuwa matumizi magumu, na hapo muda wa servisi hupungua, mara nyingi hadi nusu. Watu husoma ratiba ya kwanza ilhali gari lao liko kwenye ya pili.

Hizo safari fupi ndizo zinazodanganya wengi. Tuliwahi kuletewa karakanani gari lililotembea kilomita 3,000 tu mwaka mzima, na mwenyewe aliamini halijafikia servisi. Nilifungua kifuniko cha kumiminia oili nikakigeuza. Kwa ndani kilikuwa na utando mzito, rangi ya maziwa mgando, unanata kidoleni. Yale ni maji. Mafuta yakiungua hutoa mvuke, na injini ikizimwa kabla haijapata moto vizuri, mvuke hugeuka matone yakajichanganya na oili. Safari ndefu huyakausha, lakini ya dakika tano haiwezi. (Ukiuona utando huo na maji ya rejeta nayo yanapungua, zima gari uite fundi, maana huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.) Kwa hiyo ratiba ikisema kilomita 10,000 au miezi 12, maana yake ni kile kitakachotangulia.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Oili ya kawaida ya madini huchoka mapema, na wengi huimwaga karibu na kilomita 5,000. Sintetiki huweza kufika 10,000 au zaidi, mradi kitabu kinaruhusu na daraja lake la wepesi au uzito wa oili, mfano 5W-30, ndilo lililoandikwa kwa injini yako.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji joto hilo la kuchemkia linaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto jingi, mafuta yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Badilisha kila miaka miwili hivi, hata kama hakuna dalili yoyote.

Upeleke wapi? Gari likiwa bado na dhamana, soma masharti yake kabla ya kuamua, na utunze kila risiti. Kasoro za kiwandani na za programu ya gari zipeleke kwa wakala, yeye ndiye mwenye vifaa vyake. Kazi ya oili, filta, plagi na breki pedi fundi mzuri wa gereji anaiweza vilevile. Simama pembeni umtazame. Je, ameuliza aina ya injini kabla ya kuchukua oili? Kopo amelifungua mbele yako? Gari ameliwekea stendi, au ameingia uvunguni likiwa limebebwa na jeki tupu? Wosha ya nati ya kumwagia oili ameikagua? Akimaliza, mwombe filta ya zamani uione. Fundi anayekasirishwa na ombi hilo, mimi simrudii.

Kisha andika tarehe, kilomita na kilichobadilishwa. Daftari hilo linahitajika zaidi kwenye mkanda wa taiming, yaani mkanda unaofanya valvu na pistoni zipishane kwa wakati wake, ambao kwa injini nyingi zinazoutumia hubadilishwa karibu na kilomita 100,000 na kwa kawaida hautoi onyo. Ukinunua gari lililotumika na hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.