Moduli za Linux ya flashi: tunavyodhani na zilivyo

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea flashi ya giga 16 kibandani kwangu hapa Arua, Uganda, ameiviringisha kwenye karatasi kama mtu aliyebeba vidonge. Ilikuwa na Slax, mfumo mdogo wa Linux unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Nilipofungua folda ya moduli nikahesabu faili 41: vivinjari vinne, programu tatu za video, ofisi mbili, michezo, na vingine ambavyo hata yeye hakujua ni vya nini. "Zote ni nzima," akaniambia, "nimezipata kwa watu. Lakini kompyuta ikifika katikati inaganda."

Simcheki. Makosa yake mimi nimeshayafanya yote, mengine mara mbili. Na ukiyafuatilia utaona yana mzizi mmoja: tunachukulia kuongeza moduli kama kuinstoli programu, vile tulivyozoea kwenye Windows.

"Moduli ni programu unayoinstoli"

Siyo. Moduli ni faili moja iliyobanwa kwa mtindo wa squashfs, na ndani yake mna folda zilezile za Linux: usr, etc, var, lib. Faili hiyo haifumuliwi popote. Mfumo unaifungua kwa kusoma tu, kisha unaitandaza juu ya nyingine. Chukua daftari, laza nailoni juu ya ukurasa, andika neno kwenye nailoni pale penye nafasi. Anayetazama kutoka juu anaona ukurasa mmoja tu. Sasa bandika kikaratasi chenye neno jingine juu ya neno la chini: la chini halionekani tena, lakini halijafutika. Ondoa nailoni, utalikuta palepale.

Zile namba mwanzoni mwa majina, 01-core, 02-xorg, 03-desktop kwenye Slax, au 000-kernel, 001-core kwenye Porteus, mfumo mwingine wa flashi, si mapambo. Ndizo zinazoamua nani alale chini na nani akae juu. Faili mbili zenye jina moja na njia moja zikikutana, ya juu ndiyo inayoonekana. Vivinjari vinne vya mwalimu vilikuwa vinazibiana maktaba, yaani faili ambazo programu huzitegemea, namna hiyo, kila kimoja kimekuja na zake.

Juu ya matabaka yote kuna moja la mwisho, la mabadiliko, na hilo peke yake ndilo linaloandikika. Kila unachofanya, kuanzia kubadili picha ya skrini hadi kufuta faili, huishia huko. Kwa hiyo ukifuta programu iliyomo kwenye moduli ukidhani unapata nafasi, hupati hata kilobaiti moja. Mfumo unaweka alama tu juu yake ya kusema "hiki kisionekane". Ukitaka nafasi kweli, ondoa moduli nzima kwenye folda. Slax bila 05-chromium.sb inawaka vizuri tu.

Kazi ya kuunganisha matabaka hufanywa na kipande kiitwacho aufs, cha Mjapani Junjiro Okajima. Hakikuwahi kukubaliwa kwenye kerneli rasmi, yaani kiini cha Linux. Kilichokubaliwa ni overlayfs, mwaka 2014, kwenye kerneli 3.18. Nalitaja hili kwa sababu watu huniuliza mbona kwenye Slax na Porteus wanaweza kuongeza moduli kompyuta ikiwa inafanya kazi, na kwenye mifumo mingine ya flashi hawawezi. Jibu ni hilo: aufs hukubali kuongezewa tabaka katikati ya safari, overlayfs ikishapandishwa haikubali.

"Moduli zikiwa nyingi zinakula rami yote"

Inategemea umeiwashaje. Ukiwasha kawaida, moduli inabaki kwenye flashi na kinachosomwa ni kile kipande kinachohitajika wakati huo. Ofisi ambayo hujaifungua haikugharimu karibu chochote. Ukiwasha kwa kunakili kila kitu kwenye rami, yaani toram kwa Slax au copy2ram kwa Porteus, hapo ndipo kila faili inahama nzima. Hata hivyo inakaa ikiwa imebanwa vilevile: moduli ya mega 200 inachukua mega 200, haivimbi.

Kinachomaliza rami ya watu ni kitu kingine kabisa, na hawakitazami. Ukiwasha bila kuhifadhi mabadiliko, lile tabaka la juu linakaa ndani ya rami. Pakua filamu ya giga 1 kwenye kompyuta yenye giga 2, na umejiziba pumzi mwenyewe. Kisha unalaumu moduli. Nimemwona kijana akifuta moduli moja baada ya nyingine huku folda yake ya upakuaji imejaa muziki.

"Mwisho wa jina ukiwa .sb, itaingia"

Hapa ndipo mwalimu wangu alipokwama. Nitakaa hapa kidogo.

Slax ilianza kwa kujengwa juu ya Slackware, mmoja wa mifumo ya Linux ya zamani. Mwaka 2017 mtengenezaji wake, Mcheki Tomáš Matějíček, akaihamishia Debian, mfumo mwingine wa Linux. Mwaka 2022 akaanza kutoa zote mbili kwa pamoja: Slax 15 ni ya Slackware, Slax 11 ni ya Debian. Zote moduli zake huishia na .sb. Kwa macho ni mapacha, lakini ndani kila moja ina damu yake.

Programu za Linux hutegemea maktaba ya msingi iitwayo glibc. Debian 11 ina glibc 2.31, Slackware 15.0 ina 2.33, Debian 12 ina 2.36. Programu iliyotengenezwa kwenye glibc mpya ukiipeleka kwenye ya zamani huweza kugoma, na ukiifungua kwenye terminali, dirisha la kuandika amri, itakuambia inatafuta GLIBC_2.34 na haioni. Ukiifungua kwa kubofya ikoni haikuambii kitu. Inanyamaza. Ndiyo maana mtu hubofya mara kumi na kusema kompyuta ina kiburi.

Hilo bado ni afadhali. Balaa ni pale moduli inapokuja na glibc yake na kuizika ile ya mfumo. Hapo haifi programu moja, mfumo wote unayumba, kwa sababu kila kitu kinaegemea maktaba hiyo. Faili 9 kati ya zile 41 zilikuwa za Slackware, na flashi ilikuwa ya Debian. Mbili kati ya hizo zilibeba maktaba za msingi.

Ya 32 na ya 64 sitaieleza sana: moduli ya biti 64 haitafanya kazi kwenye mfumo wa biti 32, basi.

Na kubadili jina hakusaidii. Wapo wanaochukua .lzm za Slax 6 na kuziita .xzm ili ziingie Porteus. Zile za zamani zilibanwa kwa LZMA ya kiraka ambacho kerneli za leo hazikijui. Hizi za sasa zinatumia xz, iliyoingia squashfs kwenye kerneli 2.6.38 mwaka 2011. Kuliita gunia la mihogo gunia la mchele hakukupi pilau.

"Wi-Fi haishiki, nipe moduli ya Wi-Fi"

Neno "moduli" linatuchezea hapa. Kuna moduli tunazozungumzia, faili za programu. Kuna pia moduli za kerneli, vipande vidogo vya .ko vinavyoendesha kadi ya Wi-Fi, sauti, kamera. Hizi za pili hufungamana na toleo kamili la kerneli. Andika uname -r na uone namba yako. Kama faili uliyopewa imebeba .ko zilizo ndani ya folda yenye namba tofauti, kerneli haitazigusa hata uiwashe moduli mara mia. Laptopu nyingi kuukuu zinazofika kwangu, hasa zenye kadi za Broadcom, husumbua hivyo. Mara nyingi dawa ni kuchukua toleo jipya la mfumo wenyewe, kuliko kuwinda moduli moja.

"Kutengeneza moduli ni kazi ya mainjinia"

La hasha. Washa Slax ya Debian bila kuhifadhi mabadiliko, unganisha intaneti, kisha andika kwenye terminali (apt ndiyo inayopakua na kuweka programu):

apt update
apt install vlc
savechanges /tmp/10-vlc.sb

Nakili faili hiyo kwenye folda ya slax/modules ya flashi, umemaliza. Kwenye Porteus unaweka programu kwenye folda na kuibana kwa dir2xzm. Hakuna uinjinia hapo.

Lakini savechanges inafanya jina lake linavyosema: inahifadhi mabadiliko, siyo VLC. Kila ulichogusa tangu uwashe kinaweza kuingia. Mwaka fulani nilitengeneza moduli ya ofisi baada ya kushinda mchana kutwa nikifanya mambo mengine, nikaigawa. Wiki moja baadaye mteja akanipigia akicheka: mashine yake imejiunga yenyewe na Wi-Fi ya kibanda changu alipopita barabarani. Neno langu la siri lilikuwa ndani ya moduli. Tangu siku hiyo nawasha upya, naweka kitu kimoja, nahifadhi, nazima. Kisha naifungua kwa sb2dir na kupitia folda ya etc, home na root kabla sijampa mtu.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona watu wakiueleza. Debian huandika orodha ya vifurushi vyote, yaani programu zilizowekwa, kwenye faili moja, /var/lib/dpkg/status. Ukitengeneza moduli ya VLC leo, inabeba nakala ya orodha yenye VLC. Kesho ukaanza upya na kutengeneza ya GIMP, inabeba orodha yenye GIMP, isiyo na VLC. Ukiwasha zote mbili, orodha ya juu inaziba ya chini. VLC inacheza vizuri, lakini apt inaapa kwamba haijawahi kuiona, na siku utakapoongeza kitu kingine itaanza kupakua upya vifurushi ulivyo navyo tayari. Epuka hilo kwa kuwasha moduli ya kwanza kabla ya kutengeneza ya pili, na kuzipa namba kwa mpangilio huohuo: 10-vlc, 11-gimp, 12 inayofuata.

"Bila intaneti moduli hazina maana"

Kinyume chake. Tangu Julai 2021 serikali imeweka kodi ya asilimia 12 kwenye data, baada ya kuondoa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Bando linauma. Moduli unaipakua mara moja na kuigawa darasa zima kwa flashi, na inafanya kazi bila kuuliza seva yoyote. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini siku za uchaguzi, moduli zangu ziliendelea kutembea mitaani kwenye mifuko ya mashati.

Kitu kimoja tu: flashi zetu nyingi zina FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kufika giga 4. Pia haijui umiliki wa faili wa Kilinux. Ndiyo sababu Porteus hukuomba utengeneze faili kubwa, save.dat, iwe kama sanduku la mabadiliko. Sanduku hilo likiwa wazi na umeme ukakatika, au ukachomoa flashi kwa haraka ya kuwahi bodaboda, yote yaliyomo yako hatarini. Moduli zenyewe huwa haziandikwi, hivyo huponea hapo. Mimi vitu vya kudumu naviweka kwenye moduli na kazi zangu kwenye folda ya kawaida, save.dat siiamini na chochote nitakachokililia.

"Ni ya flashi tu, haiwezi kunidhuru"

Inaweza. Moduli huwekwa juu ya mfumo wote, na mara nyingi tunautumia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, huku neno la siri tulilolikuta, toor, hatujalibadili. Mtu akikupa moduli ya mchezo yenye faili yake ya /etc/shadow, inayotunza maneno ya siri, amekubadilishia kufuli na ufunguo anao yeye. Diski ya ndani yenye Windows nayo inafikika kutoka kwenye Linux ya flashi, faili zako zote zipo wazi mbele yake. Kabla ya kuwasha moduli ya mtu usiyemjua, iorodheshe:

unsquashfs -ll mchezo.sb

Mchezo hauna shughuli na /etc/shadow. Ukiiona humo, itupe.

"Ikigoma kuwaka, mfumo umekufa, futa flashi yote uanze upya"

Mwalimu alikuwa tayari kwa hilo, amekuja na flashi ya pili mfukoni. Nilichomeka yake ya kwanza kwenye kompyuta yangu ya Windows, nikafungua slax/modules, nikahamisha faili zote 41 kwenye folda nyingine. Tukaiwasha: ikafika kwenye desktopu bila shida. Tukazirudisha moja moja kwa slax activate, bila kuwasha upya, tukifungua kila programu kuijaribu kabla ya kwenda inayofuata. Zile za Slackware tulizitambua mapema. Kivinjari kimoja kilitosha. Alipoinuka kwenda kulipa chai alikuwa na moduli 6, nyingine kaziacha kwenye folda aliyoiita "za watu".